Siku Nilificha Biti Ku Lupango ya Tata Mukalay

Nilikuwa nimejiapia kama hii habari sitaiandika hata kidogo, ju aibu yake inanitosha, lakini sasa mutaa wetu wa Dilala muzima inaiyua na kila muntu anaitia chumvi yake (kuna mwenye anasema eti tulifika mpaka ku makaburi na sanduku, kitu ambacho si kweli), basi afazali niielezee mi mwenyewe vile ilikuwa, na fasi nitakosea bibi yangu wa ndoa, Mama Nadège, atanisahihisha, ju alikuwa pale na yeye hasahau kitu.

Kazi yangu ni kukodisha biti (moja ni kiti, mingi ni biti). Biti ya plastiki, ya rangi nyeupe, na tenti tatu, na masufuria ile mikubwa ya kupikia bantu mingi. Ukiwa na ndoa unakuja kwangu, ukiwa na kilio unakuja kwangu, na ninajikaza kuvaa sura ya kufaa, ju siku moja nilipelekea bantu ba kilio biti huku ninapiga muluzi na balinitazama mubaya sana. Sikusoma mingi, niliachaka ku mwaka wa pili wa secondaire, lakini kuhesabu biti nayua, na nyuma ya kila kiti niliandika D.K. na rangi nyekundu, maana yake Donatien Kabange, ju ku kilio bantu banalia machozi ya kweli, sikatai, lakini kiti yenye iko karibu na mulango inaweza kwenda nao.

Sasa mwaka jana kampani moja ya kujenga makambi ku barabara ya Fungurume ikanitumia muntu wake. Bao balitaka mukodishaji moja tu kwa mwaka muzima, biti mia mbili na zaidi kila sherehe, tenti zote, na banalipa kila mwezi bila kukimbizana. Kwetu hii contrat, hii mapatano ya kazi, ilikuwa kitu kikubwa: mabati ya nyumba yetu imezeeka, na wakati wa mvua tunapanga mabeseni mu chumba sawa tunapanga biti ku ndoa. Lakini yule muntu akasema iko sharti moja, mpaka siku ya Ijumaa nilete karatasi ya asiransi, ile bengine banaita bima.

“Siku tenti yako itaangukia bantu yetu,” akasema, “nani atajibu?”

Mi nikacheka. “Tenti yangu haiyaangukaka, tata.”

(Hii neno muishike, tutaikuta mbele.)

Kusema kweli asiransi ilinitia woga. Si woga ya kitu yenyewe, woga ya bei yake, ju sikuyua banaihesabu namna gani, na muntu mwenye hayui namna bei inahesabiwa anafikiri banaangalia sura yake tu. Nikaenda kumuuliza Tata Jules, rafiki yangu mwenye anauzisha masimu ku soko. Jules alisoma kunipita na anavaa malunette ya macho, njo maana nilimuamini.

“Asiransi?” akasema. “Bale ni sawa na ba taxe benye kukata kodi, Donat. Bakiona mingi, banakata mingi. Onyesha kidogo.”

Siwezi kumupa Jules makosa yote, haitakuwa haki, ju yeye alinijibu kama muntu wa soko. Siye benye kufanya biashara hapa Kolwezi tunayua vizuri namna ya kupokea bale ba taxe: habari inakimbia mbele yao, na wakati banafika, duka yenye ilikuwa imejaa inabakia na sabuni mbili na kibiriti, na mwenye duka anavaa shati ya kupasuka na anakohoa kidogo. Kila muntu anafanya, hata bale benye kuimba ku kanisa. Basi mi nikachukua hii akili yetu ya taxe nikaipeleka ku asiransi bila kujiuliza hata mara moja kama taxe unalipa inaenda, lakini asiransi unalipa ili siku ya mubaya irudi.

Mama Nadège, yeye alijiuliza, siku ile nilipigia bantu ba asiransi simu na bakasema batatuma muntu kuona bitu. Alikuwa anachambua majani ya sombe, hakuinua hata kichwa.

“Donat, huyu muntu anakuja kuona bitu ile utamuomba alipe siku ikiungua. Sasa asipoiona, atalipa nini?”

Nikamuambia aniachie mambo ya biashara. (Amenikumbusha hii neno mara mingi kuliko siku ya ndoa yetu.)

Ngambo ya barabara, mbele ya kwetu kabisa, njo lupango ya Tata Mukalay, nyumba na kiwanja yake. Ni muzee wa zamani wa mugodi, mufiwa wa bibi, anaikala peke yake, na lupango yake ni kubwa sana, haina ukuta, iko tu na mulango ya mabati na majani ya kupanda pembeni. Wiki ile ya nyuma tension, presha ya damu, ilimupanda, bakamubeba mu gari kumupeleka ku hopitali mbele ya macho ya bantu yote ya avenue, lakini siku alirudia alirudi kimya, mu mvua, hakuna mwenye alimuona isipokuwa siye na mbuzi. Nikaenda kumuomba fasi ya kuweka biti kwa siku moja.

“Leta tu, mutoto wangu,” akasema. “Mi asubuhi nitaenda ku dispensaire bapime tension, halafu nitapita kukata nywele. Mulango utakuta wazi.”

Kama ningeweka biti moja juu ya ingine, sawa bantu ba akili banafanya, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini ile biti ilikuwa imetoka ku ndoa ya Jumapili, imejaa sukari ya vinywaji na inzi, na asubuhi hiyo tuliiosha yote, na plastiki yenye maji ukiipanga ingali nyevu inashika harufu ya panya. Basi nikaitandaza mu lupango ya Tata Mukalay ikauke, mustari kwa mustari, ju mukono yangu imezoea mistari na haiyui namna ingine. Halafu nikaona jua inapanda, na jua ya huku inapasua plastiki ya bei ndogo, basi nikatandika tenti mbili juu yake (nilizifunga tu kamba ku muti na ku mulango, byuma vya kupigilia mu udongo sikupigilia, ju nilisema ni ya kivuli tu). Masufuria mikubwa nayo ilikuwa inasumbua njia, nikaiweka pembeni juu ya mawe. Nilipomaliza nikasimama nikaangalia, nikasikia roho yangu inafurahi, ju ilikuwa imepangwa vizuri kabisa.

Ninyi mulishaka elewa. Mi sikuelewa. Miaka yote hii ninapanga ile bitu, na siku moja hii sikuiona ni sura ya nini.

Nikarudi kwangu nikavaa shati ya kupasuka.

Muntu wa asiransi alikuwa mwanamuke, kijana bado, Mama Clarisse, alifika na taxi-moto, amevaa kofia ya chuma, na viatu yake myeusi ilikuwa imeshakuwa myekundu ya vumbi. Akanisalimia vizuri, akaangalia shati yangu.

“Patron yako iko?”

“Patron njo mi mwenyewe, mama.”

Akaomba musamaha. Nikamuonyesha stoo: biti kama makumi tatu, tenti moja ile ya zamani, na sufuria moja. Akaangalia, akaangalia nyuma ya mulango, akaangalia tena.

“Njo yote?”

“Njo yote, mama. Ni kabiashara ka kujikaza tu.” Na nikakohoa kidogo.

“Lakini ku simu ulisema contrat inaomba biti mia mbili.”

“Tutajaribu kukopa ku bengine.”

Hakunibishia. Akakaa juu ya kiti moja akaanza kunielezea, na sauti ya polepole, si ya kunizarau, ile ya muntu mwenye anataka kweli uelewe. Alisema ile feza ya kulipa kila mwaka, yenye banaita prime, haiangalie kama muntu ni tajiri ao maskini. Inaangalia kwanza bitu iko na bei gani. Halafu fasi inalala (na hapo akatazama jiko ya makala ya Mama Nadège, yenye iko kugusana na stoo, akakunja uso). Halafu bitu yako inaweza kuumiza nani: kiti ikivunjika na muntu mukubwa juu yake, tenti ikianguka. Na iko tena sehemu ya kwanza ya hasara, ile utabeba we mwenyewe; ukikubali kubeba mingi, prime inashuka, ukitaka bakubebee yote, prime inapanda.

Mi nilikuwa naitikia na kichwa kama muntu mwenye anaelewa, lakini kichwani mwangu mulikuwa swali moja tu. Akahesabu ku simu yake, akanitajia. Prime ya mwaka muzima, kwa ile bitu alikuwa anaona, ilikuwa bei ya mifuko mbili ya bunga ya mahindi. Karibu nicheke. Nikasema mu roho: Jules, we ni mwalimu.

Njo saa ileile tukasikia kilio.

Ilianza na sauti moja, na ile sauti niliiyua, ilikuwa ya Mama Anto, mwenye anauzishaka mikate ku kona. Baadaye nilimuuliza na akanielezea: alikuwa anapita na beseni yake, akatazama juu ya majani, akaona tenti, akaona biti mustari kwa mustari, akaona masufuria juu ya mawe, na mwenye lupango alimuona kwa macho yake anabebwa ku hopitali. Sasa mi ninauliza kwa haki, nani kati yetu angeuliza swali? Akatupa beseni chini, akaweka mikono juu ya kichwa.

“Tata wetu Mukalay, yoo. Umetuachia nani, yoo.”

Bamama ba avenue bakatoka bote. Moja akapigia binti ya muzee ku Fungurume, ingine akapigia chorale ya kanisa. Kuna mwenye aliuliza mwili iko wapi, na kuna mwenye alijibu “ku morgue,” na ile ikatosha. Mu wakati wa kupika chai, lupango ilikuwa imejaa.

Na mi, munisikie, mi nilikuwa ninayua kama ile biti niliiweka mi mwenyewe. Na hata hivyo niliamini. Nilisikia jina ya muzee mu kilio, nikaona bantu banakimbia, nikafikiri tension imemuua ku dispensaire. Nikaanza kulia kweli, ju ni yeye alinipa feza ya kununua biti ya kwanza kabisa, wakati baukoo yangu balikuwa banacheka. (Nitasema pia ile ingine, ju nimesema nitakuwa wa haki: katikati ya kulia, kafikra kamoja kalipita mu kichwa yangu, eti biti iko tayari pale, hatutapoteza feza ya kubeba. Nilikafukuza. Lakini kalipita.)

“Ni jirani yangu,” nikamuambia Mama Clarisse. “Ni sawa baba yangu.”

“Twende pamoja, tata,” akasema, na akavua kofia. Ni muntu muzuri, sikuwa nafikiria hatari yoyote, nikamushika mukono nikamuvusha barabara, nikamuikalisha mu mustari wa pili, nikaikala pembeni yake na shati yangu ya kupasuka, yenye sasa ilifaa kabisa.

Aliinamisha kichwa. Nikafikiri anasali. Kumbe alikuwa anasoma mugongo ya kiti ya mbele.

“Tata Donatien,” akanong’ona, “D.K. ni nani?”

Machozi ikakauka palepale. Nikatazama ile D.K. nyekundu, na ya pembeni yake, na ya pembeni tena, mustari muzima.

“Ni biti ya kanisa, mama,” nikasema. “D.K. Dieu ni Kubwa.” (Dieu njo Mungu ku Kifaransa.)

“Ah,” akasema. “Hata ile nilikuwa nimekalia kwako imeandikwa vile.”

“Ju natumikiaka kanisa.”

Sijui kama aliniamini hata kidogo, lakini haikuchukua muda, ju Mama Anto alinifikia na uso umejaa machozi, akanishika mikono yangu mbili mbele ya bantu yote.

“Donat, Mungu akubariki,” akasema. “Hata familia bado kuambiwa, we ulishaka leta biti yako yote, tenti yako, masufuria yako, bila kuomba hata franc. Biti mia mbili na zaidi, mama,” (hiyo alimuambia Mama Clarisse, kwa heshima, ju alimuona ni mugeni) “yote ni yake huyu, na anavaa shati ya namna hii. Ni muntu munyenyekevu.”

Mama Clarisse akanitazama. Akatoa simu yake, akafuta hesabu. Ningependa anitukane.

Mubaya yenyewe ilitokea hapo, ju Mama Anto aliposema “hata familia bado kuambiwa,” alijisikia mwenyewe, akaniachia mikono polepole.

“Donat,” akasema, “we uliyua saa ngapi?”

“Kuyua nini?”

“Kama amekufwa. Asubuhi, wakati naenda kununua mafuta, nilikuona unapanga. Nilifikiri unaosha. Saa ile nani alikuwa amekuambia?”

Nikafungua kinywa. Kusema “nilikuwa nazificha ju ya huyu mama hapa,” siwezi, huyu mama iko hapa. Kusema kitu ingine, sina. Nikajifanya ninapangusa machozi, na nyuma yangu nikasikia mazungumzo inaanza, ile ya chini-chini.

“Alipanga biti muntu bado kufwa.”

“Siku hizi ndoa si mingi.”

“Njo anajitafutia bateja.”

Niliangalia Jules, ju yeye pia alikuwa amekuja kulia, alikuwa amesimama karibu na muti fasi kamba ya tenti ilikuwa imefungwa. Nilimuangalia na macho ya kumuomba aseme kitu. Jules akavua malunette yake, akaanza kuisafisha.

Kule nyuma kabisa, mu mustari wa mwisho, kulikuwa muzee moja amekaa na bageni ba avenue ingine. Alikuwa amefika na pikipiki, kichwa kimenyolewa kinang’aa, kitambaa ya vumbi imefunika mudomo na pua (makamyo, malori ya mugodi, inapita siku hiyo yote, bantu mingi balivaa), na bamama balikuwa banatazama chini, hakuna mwenye alimutambua. Aliona biti, aliyua biti itakuwa pale. Hakuyua bantu. Baadaye aliniambia alifikiri hivi: Donat amekodisha lupango yangu kwa kilio ya muntu bila kuniambia, ni tabia mubaya, tutaongea, lakini mufu ni mufu. Akavua kofia yake akaikala akalia kidogo. Dikoni wa kanisa alipopita na sahani ya muchango, akatia feza. Mi nilimuuliza alikuwa analilia nani. Akasema hayui, lakini bamama balikuwa banalia vizuri, na yeye alikumbuka bibi yake.

Sasa alisikia bantu banasema mubaya juu yangu, akasimama. Siwezi kusahau ile mpaka nifwe.

“Muache kumusumbua mutoto,” akasema. “Aliniomba ruhusa. Mi njo nilimuambia apange biti hapa.”

“We ni nani wa kumuruhusu?” dikoni akauliza. “Hii ni lupango ya marehemu.”

“Marehemu gani? Hii ni lupango yangu.”

Akavuta kitambaa chini ya kidevu.

Mama Anto hakulia. Alisema tu, na sauti ndogo sana, “Tata,” halafu akageuka, na bantu mia bakageuka naye. Bengine balipita mu mulango, bengine mu majani, dikoni alikimbia na sahani yote juu ya kichwa sawa beseni ya mikate, chorale yenye ilikuwa inafika na ngoma ikakutana nao pa mulango ikageuka bila kuuliza sababu. Muntu fulani akakwaa kamba. Kamba ikavuta muti, na chuma cha katikati, chenye sikukipigilia ju ni ya kivuli tu, kikasimama kidogo kama chenye kufikiri, halafu kikamuangukia Tata Jules pa kipaji cha uso, na tenti yenyewe ikashuka juu yetu polepole, nyeupe, tukabakia mu giza, mi na Mama Clarisse na biti.

“Haiyaangukaka?” sauti yake ikauliza. Nilikuwa nimemuambia hiyo pia, ku stoo.

“Hii ni mara ya kwanza, mama.”

“Njo hii tunaita responsabilité civile, kulipa bantu benye bitu yako imeumiza,” akasema, na akaanza kutafuta mulango na mikono.

Tulipotoka, Tata Mukalay alikuwa amesimama peke yake katikati ya biti yenye kupinduka.

“Donat, nani amekufwa?”

Nikapiga magoti nikamuelezea yote, mbele ya Mama Clarisse, na Mama Nadège mwenye alikuwa amefika na sombe mukononi, na Jules mwenye alikuwa ameketi chini na malunette imevunjika na kipaji kimevimba sawa lipera. Sikuficha kitu, ju kuficha njo kulikuwa kumetufikisha pale. Muzee alisikiliza mpaka mwisho. Simu yake ikalia, ilikuwa binti yake, iko mu njia kutoka Fungurume. Muzee akasema “Allo, mama,” na tukasikia ile simu ingine inaanguka.

Bantu bakarudi kidogo-kidogo, kwanza pa majani, halafu pa mulango. Mama Anto alimugusa muzee mukono, akamugusa uso, halafu akafungua kitenge yake ya juu akaikunja akanipiga nayo mu mugongo, mara ngapi sitasema, na ninakubali alikuwa na haki.

Nilifikiri sasa bataenda. Lakini Tata Mukalay akasema hapana.

“Hii bantu ilikuja kunililia,” akasema. “Balinililia vizuri, nilisikia mi mwenyewe. Huwezi kuaga bantu ba kilio na tumbo ya wazi. Na masufuria naiona hapo juu ya mawe.” Akanigeukia. “Donat atapika.”

Nani angekataa? Nikatuma bantu banunue bunga, mifuko ine, na samaki ya chumvi katoni, na mafuta, na makala. Bamama bakasonga bukari, ule ugali wa mahindi, na miiko mikubwa ya ndoa, bakaanza kucheka, na mara hii chorale iliingia kweli ikaimba. Binti ya muzee alifika na uso umevimba, akamukuta baba yake anatafuna kichwa ya samaki. Alimukumbatia, alinitukana, akala.

Mama Clarisse naye akakula, amekalia kiti yangu, mu lupango yenye sasa hakuna siri ndani yake. Mi sikuweza kula. Nilikuwa naona Ijumaa inafika, contrat inaenda, mabati inaenda.

“Mama,” nikasema, “najua hutaniandikia tena.”

Akachukua kipande kikubwa ya bukari, akakikata tatu mbele yangu mu sahani.

“Angalia, tata. Hii yote ni bitu yako. Tuseme we ulinionyesha kipande moja hii. Ukalipa prime ya kipande moja. Sasa kesho moto inakula biti yako, hata si yote, hata kumi tu. Unafikiri nitakulipa ile kumi yote? Nitakulipa sehemu moja juu ya tatu, ju ulilipa sehemu moja juu ya tatu.” Akanisogezea kale kapande kadogo. Nilipoinyoosha mukono akakarudisha. “Na nikiyua kama ulificha kwa kusudi, hata hii hupati.” Akakatia mu mudomo yake, na samaki.

Miaka yangu yote sikuwa nimeelewa kitu cha makaratasi haraka namna ile.

Halafu akapangusa mikono. “Kesho asubuhi nitarudi,” akasema. “Nataka kuona kila kiti fasi yake. Na ile jiko itoke pembeni ya stoo. Na byuma vya tenti nataka kuviona mu udongo. Na uvae shati ingine.”

Alirudi. Tulihesabu yote, hata ile yenye muguu imepasuka, niliileta mi mwenyewe bila kuulizwa. Jiko ilihama, Mama Nadège alinibebesha mi mwenyewe, na makala yake yote. Prime ya kweli, ya bitu yangu yote na ya tenti kama ikiangukia muntu, ilikuwa bei ya mifuko tano ya bunga. Ile ya uongo ilikuwa mbili. Kumaanisha ju ya kuokoa mifuko tatu, nilipika mifuko ine, na katoni ya samaki, na mafuta, na nikalipa malunette ya Tata Jules (tuligawana nusu-nusu, ju shauri ilikuwa yake na chuma ilikuwa yangu, naona ni haki). Karatasi nilipeleka siku ya Ijumaa, na contrat niko nayo mpaka leo. Mabati ni mupya. Mabeseni yamerudi ku kazi yake ya mabeseni.

Tata Mukalay alinidai feza ile alitia mu sahani, akasema ilikuwa ya kununua dawa na muntu hachangie kilio yake mwenyewe, nikamurudishia. Na kila siku nikipita ananiambia siku yake ya kweli ikifika sitamulipisha biti, ju mi tayari nilimufanyia répétition, kilio ya kujaribia. Nimekubali, lakini nilimuomba asiharakishe.

Na nimeweka nadhiri mbili. Muntu wa asiransi akija, nitamuonyesha hata kijiko. Na biti nikiiosha, sipangi tena mistari: ninaipindua yote, miguu juu, mu lupango yangu mi mwenyewe, ju mpaka leo siyaona muntu mwenye alipita, akaona kiti yenye miguu juu, akaanza kulia.